Raba Zilizoacha Mdomo Wazi

Mwizi aliyeingia chumba namba tatu, chini ya jukwaa kuu la uwanja, aliiacha kompyuta mezani. Aliiacha kamera. Aliiacha hata feni, na feni ilikuwa mpya. Alichochukua ni viatu vikuukuu, zaidi ya pea arobaini, vingine vimetoboka hadi kidole kinapita, vyote vikinuka jasho la watu waliokimbia umri wao wote.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, saa mbili imepita kidogo. Mwenye chumba alisimama mlangoni na begi begani akazitazama rafu tupu. Hakupiga kelele. Alikaa kitini, akavua miwani, akaivaa tena, kana kwamba viatu vingerudi. Kisha akampigia simu mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba. Nimeibiwa."

"Marahaba. Umeumizwa?"

"Hapana."

"Wamechukua nini?"

"Viatu vibovu."

"Mwanangu, umekula lakini asubuhi hii?"

Pale uwanjani walimwita Daktari, na jina hilo lilimletea shida zake. Udaktari wake ulikuwa wa chuo kikuu, wa kuchunguza michezo na wanamichezo na nafasi yao katika jamii. Lakini wazee wa klabu wakisikia daktari, basi, wanapandisha suruali wamwonyeshe magoti. Mwanzoni alikuwa akikataa. Siku hizi aliweka dawa ya kuchua kwenye droo.

Utafiti wake ulikuwa wa raba. Aligundua kwamba raba moja pale mtaani inavaliwa na watu watatu au wanne kabla haijafa: dada anampa mdogo wake, mdogo anamwazima jirani, jirani anahama nayo. "Ukitaka kujua nani anampenda nani kwenye klabu," alikuwa akisema, "usiulize. Fuata raba." Kwa hiyo aliomba kila mkimbiaji, mzee kwa kijana, amkabidhi raba zake za zamani na hadithi yake. Walimkabidhi. Alizipanga rafuni, kila pea imefungwa lebo ya karatasi yenye jina la mwenyewe, na Jumamosi watu wangekuja kuziona.

Juu kabisa ilikuwa pea ya Bingwa. Hiyo kila mtu aliijua bila lebo. Miaka mingi nyuma, katika mbio ndefu za mji, mwanamke wa mtaa huu aliwashinda wageni wote waliokuja na makocha wao, naye amevaa raba zilizopasuka mbele, zimeacha mdomo wazi kama mamba anayeota jua. Kisa hicho mtoto wa pale alikisikia kabla hajajua kuhesabu.

Mjomba alifika saa tatu na robo. Alikuwa mpelelezi mstaafu, mnene kiasi, na michezo haikumhusu kabisa. Mbio alizowahi kukimbia ni za kufukuza watu, na wengi walimshinda. Alisimama nje kwanza, akatazama waya wa uzio ambako vizibao vya mazoezi, vyekundu na vya njano, vilining'inia vimelowa manyunyu ya usiku. Ndipo akaingia.

"Mbona hukuita polisi?"

"Mwenyekiti wa klabu ndiye anayetaka polisi. Amesema kama viatu havijaonekana kabla geti halijafungwa leo, mlinzi wetu Mzee Funguo afungashe vyake, na jina lake liende kituoni. Mjomba, yule mzee anaishi hapa hapa, chumba cha pili. Akifukuzwa kazi, hana pa kulala. Na hakuiba."

"Unajuaje?"

"Ninajua."

"Hiyo haitoshi, lakini inasaidia." Mjomba aliinama kwenye rafu. Lebo zote zilikuwepo. Hazikuchanwa. Zilikuwa zimefunguliwa fundo moja moja na kupangwa mstari, kila moja mahali ilipokuwa raba yake. "Mwizi wako ana adabu. Na alikuwa na nafasi. Nani ana ufunguo?"

"Mzee Funguo, na Mwenyekiti."

"Na hivi?" Mjomba alionyesha kona ya chumba. Pale palikuwa na koni za plastiki, kamba, magongo ya kupokezana, na mifuko mikubwa ya turubai iliyotundikwa kwenye misumari, midomo imekazwa kwa kamba.

"Vifaa vya klabu. Chumba tunagawana. Mimi ni mpangaji tu."

"Kuna lolote lililotokea karibuni? Ugomvi? Tangazo?"

Daktari alifikiri. "Jumanne niliwakusanya wakimbiaji. Niliwaambia Ijumaa, yaani kesho, anakuja mwenzangu, mtaalamu wa kusoma soli. Niliwaambia kiatu hakisahau mguu. Akitazama soli tu atajua kimevaliwa na nani, na kama kiliazimwa, nani alikiazima. Watu walicheka sana."

"Wote?"

"Wote. Baadaye Bingwa alinifuata nikiwa peke yangu, akaniuliza kama ni kweli."

Mjomba akaguna.

Mzee Funguo walimkuta chumbani kwake, amekaa juu ya ndoo. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, sanduku limefunguliwa. Mwenyekiti alikwisha kupekua. Mzee alikuwa mwembamba, shingoni amevaa mzigo wa funguo kama kengele ya ng'ombe.

"Kaa, bwana," alimwambia Mjomba, akampa ndoo na yeye akakaa chini. "Mimi nimelinda uwanja huu tangu nyasi zake zikiwa mchanga. Sasa nimeiba viatu vyenye matundu. Ningevivaa kwenye harusi ya nani?"

"Jana jioni chumba namba tatu kilifunguliwa saa ngapi?"

"Daktari alitoka saa kumi. Nikafunga. Mazoezi yakaisha saa kumi na moja na nusu, nikafungua Kocha arudishe vifaa, kama kila siku. Nikaenda kufunga mabomba ya maji kule ng'ambo, nikazungumza kidogo na mkata nyasi, nikarudi nikafunga."

"Ulitazama ndani?"

"Taa imeungua wiki nzima. Ningetazama giza?"

"Kwa hiyo Kocha alikuwa ndani peke yake."

Mzee alicheka kwa huzuni. "Ninajua unakokwenda, bwana. Hufiki. Mipira ilikuwa inapotea, Mwenyekiti akatoa amri: hakuna atokaye getini bila kupekuliwa. Mifuko ya vifaa haitoki kabisa. Jana nimepekua kila mtu kwa mikono hii. Wasichana, mkata nyasi, wote. Hata Kocha alinifungulia mkoba wake: chupa ya maji, filimbi, kandambili zake, taulo. Pea arobaini angeziweka wapi? Kwenye nywele?"

"Nani hakupekuliwa?"

Mzee alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Gari la Mwenyekiti."

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa ghorofani, na nusu yake ilikuwa kabati la vioo: vikombe, medali, vibendera. Rafu ya katikati ilikuwa tupu, imefutwa vumbi.

"Hii inamngoja nani?" Mjomba aliuliza.

Mwenyekiti, mtu wa tumbo na sauti, alijikuna kidevu. "Raba za Bingwa. Sifichi. Nilimwomba Daktari mara tatu. Kitu cha heshima kama kile hakistahili kuwekwa chumba cha koni! Akaniambia ni mali ya utafiti."

"Una ufunguo wa kile chumba."

"Ninao. Mimi ni Mwenyekiti."

"Na gari lako halipekuliwi."

"Litapekuliwaje? Amri ya kupekua niliitoa mimi!"

"Nifungulie buti."

Mwenyekiti alibadilika rangi. Alisema ufunguo uko nyumbani. Kisha akasema buti ni bovu. Kisha jasho likamtoka, wakashuka hadi kwenye gari, na buti likafunguka bila ubishi. Ndani mlikuwa na taulo na boksi, na ndani ya boksi raba. Pea moja, kubwa, nyeupe, karibu mpya.

"Za nani hizi?"

"Punguza sauti." Mwenyekiti alitazama kulia na kushoto. "Zangu. Nakuja hapa alfajiri kabla watu hawajaamka. Nazunguka uwanja. Daktari, wa hospitali, si huyu wako, ameniambia moyo. Sasa mimi ni Mwenyekiti wa klabu ya riadha, nikionekana nakimbia vile… Bwana, nakimbia kama kabati linahamishwa."

"Unazunguka mara ngapi?"

"Moja. Jana moja na nusu."

"Hongera," alisema Mjomba, na alimaanisha. Akafunga buti kwa upole. "Lakini yule mzee hajaiba."

"Basi nionyeshe viatu. Nina kamati juu yangu, wataniuliza. Leo, kabla ya geti."

Nyumba ya Bingwa ilikuwa barabara ya pili kutoka uwanjani, chumba cha mbele kimegeuzwa duka la cherehani. Mjomba na Daktari walifika saa sita kasoro. Bingwa alikuwa mama wa makamo, mrefu, sindano mdomoni, anapunguza suruali ya mtu. Ukutani palikuwa na picha ya gazeti iliyofifia: msichana ameinua mikono, uzi wa kumalizia kifuani. Picha ilikatwa kiunoni.

"Karibu, Daktari. Nimesikia. Mtaalamu wa soli bado anakuja?"

"Atakuja kusoma nini, Mama? Hakuna soli."

Bingwa alitoa sindano mdomoni. Mjomba alimtazama vizuri: uso ulikuwa umeanguka, kama wa mtu aliyekuwa akimngoja mgeni akaambiwa gari limeharibika njiani.

"Nisimulie siku ile," alisema Mjomba. "Mimi si mtu wa michezo, sijui hata nani anakimbia wapi."

"Si imeandikwa?"

"Nataka kwa mdomo wako."

Bingwa alirudi kwenye cherehani. "Wanasema tulikuwa wengi. Wanasema raba zilipasuka asubuhi, na kwamba nilikimbia hivyo hivyo. Wanasema kwenye mlima nilikuwa wa nne. Nikashinda." Alikanyaga cherehani kwa nguvu. "Wifi yangu akawa wa pili. Hatua chache tu nyuma yangu. Hiyo niandikieni vizuri, maana kila mtu huisahau."

"Wifi yako?"

"Kocha," Daktari alieleza. "Ameolewa na kaka yake."

"Mnaelewana?"

Bingwa akacheka kwa mara ya kwanza. "Mtu na wifi yake? Tunagombana tangu asubuhi. Akinipikia anasema nimekonda kwa uvivu. Nikimshonea nguo namwambia kitambaa hakikutosha kwa sababu ya nyonga zake. Siku asiponitukana najua anaumwa."

Nje, Daktari alimshika Mjomba mkono. "Si yeye, sivyo? Niambie si yeye."

"Mama yule anataka raba zisomwe. Mwizi hakutaka. Twende kwa wifi."

Kocha walimkuta uwanjani saa nane, peke yake, anachora mistari kwa unga wa chokaa. Alikuwa mfupi, mpana, miguuni kandambili, na sauti yake ingeweza kusimamisha lori. Mawingu mazito yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

"Shikamoo, Kocha," alisema Daktari.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeleta askari. Mzee, usinikanyagie mstari!"

Mjomba alirudi nyuma. "Mpwa wangu ananiambia hapa kizibao hakilali nje."

"Kikilala nje kesho kinanuka, na msichana anayenuka hapokezani gongo na mtu. Ndiyo sheria yangu."

"Jana vimelala nje."

Kocha aliendelea kumwaga chokaa. "Vilikuwa na jasho. Nilivianika, nikavisahau."

"Haya. Nisimulie mbio za Bingwa. Wewe ulikuwa nyuma yake, uliona."

Hapo Kocha alisimama. Mikono ikaanza kusema pamoja na mdomo. "Ehee! Kisa hicho ndicho kinacholeta wasichana hapa! Raba imepasuka hapa, kwenye kidole gumba. Mwanzoni huhisi kitu. Ukifika kwenye mteremko, kokoto linaingia. Ukisimama ulitoe, umeachwa. Basi unalikunja chini ya vidole, unakimbia nalo. Barabara ya lami ikianza, ule mdomo unashika chini, pah! pah! kama mtu anakupigia makofi ya kejeli. Mlimani ukucha unang'oka, lakini uchungu wake unakuja baadaye, kwanza ni joto tu. Unajisemea, nikishuka hapa nitalia. Unashuka, hulii, maana yule wa mbele mgongo wake unauona!"

Ghafla akarudi kwenye chokaa yake.

"Mgongo wa nani?" aliuliza Mjomba taratibu.

"Wa… wa aliyekuwa mbele. Kabla Bingwa hajampita."

"Mm." Mjomba alitazama mawingu. "Mzee Funguo anafungasha. Mwenyekiti amesema leo kabla ya geti. Na jina lake linapelekwa kituoni."

Unga wa chokaa ulimwagika palepale ukafanya kilima. "Nani? Mzee Funguo? Kwa viatu vibovu?"

"Ufunguo anao yeye."

"Mimi nilidhani watasema ni utundu wa watoto."

"Ulidhani hivyo lini, Kocha?"

Kocha aliinama akaanza kuuzoa unga kwa viganja. Mjomba hakumwuliza tena. "Saa kumi kamili tutakuwa chumba namba tatu," alisema. "Sote. Ukipenda, njoo."

Walikuwepo wote saa kumi. Mwenyekiti alisimama mlangoni na saa yake. Mzee Funguo alishika sanduku lake, limefungwa kamba. Bingwa alikuja na uzi umenasa kwenye bega. Kocha aliingia mwisho, akasimama karibu na koni. Daktari alileta taa ya mkononi.

"Mimi nilikosea tangu asubuhi," Mjomba alianza. "Mpwa wangu alisema viatu vimetoka, Mwenyekiti akasema vimetoka, na mimi nikaanza kutafuta njia vilivyotokea. Njia hakuna. Getini watu walipekuliwa. Gari la Mwenyekiti nimelitazama."

"Lilikuwa na nini?" Kocha aliuliza.

"Spea," Mwenyekiti alijibu haraka.

"Spea," Mjomba alikubali. "Sasa nikajiuliza, nani aliviona viatu vikitoka? Hakuna. Tumepekua chumba cha mzee, tumepekua gari. Chumba kilichoibiwa nani alikipekua? Tulitazama rafu, tukakimbilia nje. Na pale nje nilipofika tu niliona vizibao vimelowa kwenye waya. Kocha ana sheria: kizibao hakilali nje. Kizibao kinalala kwenye mfuko wake. Kama kimelala nje, basi kwenye mfuko wake amelala mgeni."

Akauendea mfuko mkubwa wa turubai.

"Acha, Mzee," alisema Kocha. "Utaniharibia fundo."

Aliushusha mwenyewe, akaufungua, akaumwaga. Viatu vilianguka juu ya sakafu, vya kamba na vya gundi, vya soli nene na vya soli iliyobaki jina, vimechanganyika vyote. Harufu ikajaa chumba. Daktari alipiga magoti katikati yake kama mtu aliyepata watoto wake sokoni.

Mzee Funguo aliweka sanduku chini.

"Nihesabu?" alisema Mwenyekiti.

"Usihesabu. Itapungua pea moja," alisema Mjomba. "Ya Bingwa. Hiyo ndiyo iliyotoka. Mzee, jana kwenye mkoba wa Kocha uliona nini?"

"Chupa, filimbi, kandambili, taulo."

"Kocha huja na nini miguuni?"

"Kandambili." Polepole Mzee alijipiga paji la uso. "Kandambili zimo mkobani! Na mimi nimeshika mkoba!"

"Hapa watu wote huvaa raba. Nani angemtazama mtu miguu? Alitoka nazo amezivaa, mdomo wazi na kidole nje, akakuaga."

"Akaniambia lala salama!" alisema Mzee Funguo, na sauti yake ilikuwa nusu hasira na nusu sifa.

Mwenyekiti alimgeukia Kocha. "Wewe? Wivu wa miaka yote hii? Kwa sababu ulikuwa wa pili?"

"Si wivu, Mwenyekiti," alisema Mjomba. "Nilisimuliwa mbio zile mara mbili leo. Aliyeshinda alisema 'wanasema'. Aliyekuwa wa pili aliniambia kokoto linakaa wapi na ukucha unang'oka lini. Nikajiuliza, raba zile zilikimbia na mguu wa nani?"

Kule nje wasichana walikuwa wameanza kufika, wanachekana.

"Wangu," alisema Kocha. Aliketi juu ya rundo la kamba. "Asubuhi ile za wifi zilipasuka, akaanza kulia. Zangu zilikuwa nzima. Mimi nilijua hesabu yetu. Mimi na raba nzima ningekuwa wa tatu. Yeye na raba nzima angekuwa wa kwanza. Nikavua. Nikamwambia vaa, acha kamasi. Tulipomaliza tukabadilishana nyuma ya hema, maana zangu nilikuwa nazitaka. Akaja mwandishi, akamwona amevaa zile mbovu. Akauliza, umeshinda na hizi? Yeye akafungua mdomo. Mimi nikajibu kabla yake: na hizo hizo! Nilikuwa natania tu. Kesho yake iko gazetini."

"Na ukanikataza kusahihisha," alisema Bingwa.

"Nikakukataza, ndiyo! Mwezi ule ule walikuja wasichana sita. Mmoja amevaa raba za kaka yake zimefungwa na katani. Nikamwambia Bingwa alishinda na mbovu kuliko hizo. Akabaki. Nimewafundisha kwa kisa hicho mpaka leo. Sasa Daktari anatuambia soli inasema! Nilitaka zichanganyike tu, zikose majina, mtaalamu asome atakavyo. Lebo sikuzitupa, mwanangu. Najua umeziandika kwa mkono."

"Nimeziona," alisema Daktari kwa sauti ndogo.

Bingwa alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Wewe mwanamke, una akili kweli? Mimi zile raba nilizileta hapa kusudi zisomwe! Miaka yote watu wananisimamisha barabarani, watoto wanagusa miguu yangu. Na mimi ninajua aliyekuwa hatua chache nyuma yangu alikuwa amevaa mdomo wa mamba. Niambie, bingwa hapo ni nani? Nilale vipi?"

"Ulale kwa ubavu, kama watu wengine."

"Wifi!"

"Ungenipa huo ubingwa ningeuweka wapi? Nyumba yenyewe kaka yako ameijaza redio mbovu."

Mzee Funguo akacheka, akajizuia, ikashindikana. Kocha hakucheka. Alijifuta uso kwa mkono wenye chokaa. "Na yule wa katani, nitamwambia nini? Kwamba Bingwa aliazima raba nzima?"

"Mwambie kuna mtu alivua akampa," alisema Daktari. "Mimi nimezunguka mtaa huu miaka miwili nikifuata raba, Kocha. Hicho ndicho nilikuwa nakitafuta."

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa ameguswa, lakini alikuwa na kamati. "Yote mazuri. Ila pea moja imetoka getini bila ruhusa. Wizi ni wizi. Nitawaambia nini?"

"Waambie raba ni zangu," alisema Bingwa, "na nimemwazima wifi yangu."

"Umemwazima lini?"

"Asubuhi ya mbio zile. Sijawahi kumwambia basi, inatosha."

Mwenyekiti alimtazama Mjomba, na Mjomba akatazama dari. Hakukuwa na kosa lililobaki la kuandika. Mwenyekiti akaliinua sanduku la Mzee Funguo kwa mkono wake mwenyewe, akalipeleka chumba cha pili, na walimsikia kule akihangaika kulirudisha godoro kitandani na kuomba radhi kwa wakati mmoja.

Kocha aliwaambia wasichana wake palepale kwenye mistari ya chokaa, bila kupunguza kitu, wifi yake pembeni akimsahihisha. Walisikiliza. Msichana mmoja mrefu akauliza, "Kwa hiyo Kocha, siku ile mngevaa sawa, nani angeshinda?"

"Mimi," walisema wote wawili.

Basi ikawa vurugu. Wasichana wakapiga makelele, Bingwa akafunga khanga kiunoni, Kocha akatupa kandambili nyasini, akasema peku kwa peku, raundi moja, na mtu asije akasingizia viatu. Mzee Funguo alipuliza filimbi. Wakaondoka, mama wawili wenye magoti ya dawa ya kuchua, wakitukanana hadi kona ya kwanza. Baada ya hapo pumzi haikutosha kwa kazi zote mbili. Walipoingia kona ya mwisho walikuwa bega kwa bega, nyuso zimekunjamana, na hakuna aliyekuwa akitania tena.

Mjomba aliwekwa kwenye mstari awe mwamuzi, kwa kuwa yeye hakuwa na upande. Walimpita kwa kishindo, wakaangukia nyasini wakishikana.

"Nani?" walipiga kelele wasichana. "Mzee, nani?"

Mjomba alikuwa ametoa ushahidi mbele ya mahakimu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumkuta na neno la uongo. Alitoa leso, akajifuta macho.

"Sikuona vizuri," alisema. "Jua lilinipiga usoni."

Kila mtu alitazama juu. Mawingu yalikuwa mazito kama yalivyokuwa tangu asubuhi, na tone la kwanza la mvua likamwangukia Mjomba kwenye kipara.